Nguo za Chuma za Marehemu Mfalme

Baba alirudi kutoka Dar es Salaam, alikokwenda kusahihisha mitihani, amebeba boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Mama alijua ni sufuria. Alikuwa ameagiza sufuria kubwa yenye mfuniko, na nafasi yake kabatini alishaisafisha. Baba akakata kamba, akatoa mashine ya gemu ya mtumba, nyaya zake zimejisokota kama utumbo wa kuku, na diski moja ya mchezo isiyokuwa na jalada. Mama aliitazama mashine, akamtazama baba, akarudi jikoni. Sufuria ilikuja mwaka uliofuata, na hata hapo baba aliikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayelipa faini.

Hiyo ilikuwa Nachingwea, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mimi nilikuwa shule ya msingi, kaka yangu ameanza sekondari. Baba alikuwa mwalimu, Mngoni wa Songea, aliyepangiwa kazi huku kabla sijazaliwa, kisha serikali ikamsahau. Tulikaa nyumba za walimu. Umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta na ulikuja kwa zamu. Zamu ya mtaa wetu ikiangukia Jumamosi mchana, televisheni yetu ndogo ilivuliwa kitambaa chake cha kufuma, na sisi tukakaa mkekani, baba katikati.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa hadithi ya kale ya nchi isiyokuwepo: wafalme, majoka, misitu yenye macho, na askari waliovaa chuma kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Baba alituambia kwamba kwa Kiswahili cha vitabuni vazi hilo huitwa deraya. Tulilipokea neno kwa heshima, tukaliweka pembeni, tukaendelea kusema nguo za chuma. Shida ilikuwa moja. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Mtu anafungua mdomo, maneno yanapita chini yake kama sisimizi, na hatujui kama anatukana au anaomba maji. Kaka, ambaye sekondari ilikuwa imempanda kichwani, alitangaza kwamba alama yenye umbo la paa ina maana ya nyumba. Kwa wiki kadhaa tukawa tunatazama mchezo ambao kila mtu ndani yake, hata joka, alikuwa anazungumzia nyumba.

Baba ndiye aliyetupa njia.

"Acheni maandishi," alisema. "Someni nguo. Mkienda harusini mnajuaje nani ni upande wa bwana harusi?"

"Sare," nikasema.

"Basi."

Mtu aliyekulia kwetu haelezwi maana ya sare. Iwe harusi, iwe ngoma ya kumtoa mwali, kina mama wa upande mmoja huchagua kitenge kimoja na kushona wote. Ukifika unasoma uwanja mzima kwa macho tu. Unajua nani ni ndugu, nani ni jirani aliyejipendekeza, na nani kakosana na nani. Shangazi aliyenunua kitenge kile kile lakini akakishona kwa mshono wake peke yake, huyo ana neno moyoni. Kila mwanamke wa Nachingwea anajua hivyo, na mimi nilijua hivyo nikiwa bado nanyonya kidole.

Tukaanza kazi. Kaka alisimamisha mchezo, baba akatoa fimbo yake ya kuonyeshea ubaoni, na mimi nikapewa cheo cha kutazama, kwa sababu macho yangu yalikuwa mazuri na sikuruhusiwa kushika vitufe. Wenye ndege kifuani walikuwa upande wa mfalme. Wenye jani, ambalo sisi tulisema ni jani la mkorosho, walikuwa upande wa malkia. Palikuwa na nahodha mmoja mwenye ndege kifuani kama wenzake, lakini mabega ya nguo yake yalikuwa ya mshono wa peke yake, yamechongoka. "Huyu ana neno moyoni," nilisema. Hatua mbili mbele akageuka na kuwashambulia wenzake. Baba alinipigia makofi, kaka akanuna mpaka umeme ulipokatika.

Siku nyingine tuligundua kwamba askari wa kijiji fulani walikuwa na chuma kilicholika magotini. Kaka alisema ni watu wa ibada, wanapiga magoti sana. Nilisema ni wakulima, wanapalilia. Baba alisema hoja zote mbili zinasimama, tutafute ushahidi wa pili. Tulizunguka kile kijiji Jumamosi mbili, tukiwatazama wale watu migongo, mikanda na viatu, na mwisho tukakuta nyuma ya mmoja wao kitu kifupi chenye mpini, na mimi nikasema ni jembe na baba akasema ni jembe. Nimemkumbusha kaka ushindi huo kila mwaka tangu wakati ule, na bado anadai lilikuwa shoka.

Lakini tuliyempenda wote alikuwa mfalme. Alikuwa mzee, hakupigana, na alipotokea alisimama tu kwenye ngazi zake akitutazama. Nguo zake zilikuwa na jambo la ajabu. Mkono mmoja wa chuma ulifika hadi vidoleni, na mwingine uliishia kwenye kiwiko. Kaka alisema uliyeyushwa na joka. Baba alisema huenda mfalme ana sababu ambayo si ya watoto. Sisi tukacheka, maana baba naye alikuwa na koti moja la kijivu la kwendea kazini, ambalo mkono wake mmoja aliukunja daima. Tulidhani ni madoido ya Wangoni. "Wafalme tunajuana," alisema.

Kisha baba akaugua. Alilazwa hospitali ya Mnero, na hakurudi. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Nilikuwa darasa la sita, na mpaka leo nikisikia mtu akikohoa kwa namna ile kwenye basi, nageuka.

Lazima sasa nimlete jirani yetu, maana bila yeye hakuna habari. Alikuwa Mmwera, mtu mzima mwenye tumbo dogo la mviringo, mzaliwa wa Likunja kule Ruangwa, aliyenunua na kuuza ufuta na korosho. Wangoni na Wamwera ni watani, kwa sababu babu zetu waliwahi kuwakimbiza babu zao, na vita vya zamani vikipoa huwa vinabaki vicheko. Kila asubuhi alimpitia baba, wakaenda pamoja hadi njia panda, baba akikata kwenda shule na yeye sokoni. Salamu zao tulizisikia kitandani.

"Mngoni, umeamka? Nilidhani umekwenda kuiba ng'ombe."

"Shuka mlimani, Mmwera. Wangoni tumeshaondoka, hakuna wa kukukimbiza."

Sisi watoto tulimwita Mtani tu, na nadhani baba naye alikuwa amesahau jina lake.

Siku ya mazishi Mtani alifanya kazi yake. Anayejua utani anajua kazi hiyo: mtani ndiye mwenye ruhusa ya kucheka penye msiba, kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza, kuzuia jeneza mpaka apewe kuku, ili waliofiwa wapate pa kupumulia. Tulikuwa mlangoni, mimi na kaka, alipotoka ndani na kutupita. Tuliona mgongo wake. Alikuwa amevaa koti la kijivu la baba, mkono mmoja ameukunja, miwani ya baba ameipandisha kwenye paji la uso, chaki mkononi. Akatembea kwa hatua fupi za haraka mpaka mbele ya waombolezaji, akasimama ghafla, akaanza kupapasa mifuko akitafuta miwani.

"Mnalia nini?" akauliza kwa sauti ya baba. "Nani kawapa ruhusa? Anayetaka kulia anyooshe mkono kwanza."

Watu waliangua kicheko. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. Mama, ambaye alikuwa hajala wala kusema kwa siku nzima, alicheka huku machozi yakimtoka, kisha akaomba maji, akanywa. Mimi pia nilicheka, na kicheko kilikuwa kitamu na kiliuma. Kaka hakucheka. Aliondoka pale mlangoni, akaenda nyuma ya madarasa, na kuanzia siku hiyo hakumwamkia Mtani tena. Wala hakulia. Siyo siku ile, siyo wiki ile.

Ndugu wa baba hawakuwepo. Ilikuwa masika na barabara ya Tunduru ilikuwa imekatika. Baba mdogo, mdogo pekee wa baba, alipata habari Songea, akafika hadi pale gari lilipozama tope, akarudi. Arobaini ilipita bila yeye. Nguo ziligawiwa, na koti, kwa desturi na kwa shauri la mama, likabaki kwa Mtani.

Halafu mambo ya dunia yakaanza. Nyumba ilikuwa ya mwalimu, na mwalimu hayupo tena. Tuliruhusiwa kukaa mpaka muhula uishe. Mama alisema hawezi kwenda kuishi Songea na kumwacha mumewe peke yake kwenye ardhi ya watu. Mtani akasema kwao Likunja, si mbali sana na kaburi, kuna nyumba ya dada yake marehemu, imefungwa tu, na shamba la ufuta nyuma yake. Mama akakubali. Kaka akakataa. Alisema hawezi kulala kwenye nyumba ya mtu aliyemfanya baba kichekesho siku ya kuzikwa. Alikwenda peke yake kwenye kibanda cha simu, akampigia baba mdogo, na baba mdogo akasema vizuri, mtoto wa kiume ni wa ukoo, barabara ikikauka nitakuja kukuchukua.

Mama hakumgombeza. Alisema "sawa", akaendelea kuchambua mchele. Lakini kuanzia siku hiyo alianza kumpakulia kaka kwanza, tena minofu, na nilipomtazama alikwepa macho yangu. Alikuwa anamuaga. Mimi nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Niliona baba amekufa mara moja, na sasa nyumba inakufa kidogo kidogo. Likunja hakukuwa na umeme wakati ule. Kaka akienda Songea ataondoka na mashine, na mimi nitabaki na mama na ufuta.

Kaka akarudi kwenye mchezo. Alicheza bila kusema, na mimi nilikaa nyuma yake kwa sababu sikujua pengine pa kukaa. Katika mchezo mfalme alikuwa amekufa. Tuliona jeneza lake likibebwa na wenye ndege kifuani. Na baada ya safari ndefu ya misitu, akatokea mtu mbele yetu amevaa nguo za chuma za mfalme. Zilikuwa zile zile, ndege yule yule kifuani, mkono mmoja mfupi. Kofia ilimpwaya. Mkanda ulikuwa umekazwa mpaka tundu la mwisho. Alitembea mbele, sisi tukamfuata, na alitembea kama mfalme.

"Muuaji," kaka alisema.

Ile mashine ilikuwa na kadi ya kumbukumbu, na kwenye kadi palikuwa na sehemu ya zamani ambayo baba alituambia tuihifadhi tusiifute. Ukiifungua, mfalme bado yuko hai kwenye ngazi zake. Kaka alianza kwenda na kurudi. Anamtazama mfalme hai, anatazama nguo za maiti zimevaliwa na mtu mwingine, anarudi kwa mfalme hai. Alilinganisha kila kitu, tundu kwa tundu. Nilielewa kwamba hatafuti muuaji peke yake. Alikuwa anapenda tu kurudi pale ambapo mfalme bado amesimama. Nami nilipenda, na sikusema.

Jumamosi moja Mtani alibisha hodi, ana bakuli la kisamvu kutoka kwa mkewe.

"Hodi kwa Wangoni."

"Karibu. Shikamoo, Mtani."

"Marahaba, mjukuu wa wezi wa ng'ombe." Akamtazama kaka, ambaye hakugeuka. Kisha akatazama televisheni. "Huyo nani?"

Nilifungua mdomo kujibu, lakini kaka alinitangulia. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Mtani tangu mazishi.

"Mwizi. Kamuua mfalme, kavaa nguo zake."

"Umejuaje?"

"Hajui hata kuzivaa. Mfalme, mkono mfupi ulikuwa wa kushoto. Huyu kauvaa wa kulia." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kama wewe."

"Kama mimi vipi, baba?"

"Baba alikuwa anakunja mkono wa kushoto. Wewe siku ile ulikunja wa kulia. Nilikuona. Uliwachekesha watu, na hata hukumjua."

Mtani hakucheka, na mtu yule alikuwa anacheka hata akijikwaa. Aliweka bakuli chini taratibu. "Nionyeshe huyo mfalme wako," alisema.

Kaka akafungua sehemu ya zamani. Mfalme akasimama kwenye ngazi. Mtani akamtazama kwa muda, kisha akaja kusimama mbele ya televisheni, uso wake kwa kaka.

"Nyoosha mkono wako wa kulia."

Kaka akanyoosha, kwa uvivu. Mtani naye akanyoosha wake wa kulia. Mikono yao ilikuwa pande tofauti, mmoja dirishani, mmoja mlangoni. Kisha Mtani akageuka akampa kaka mgongo, mkono bado uko juu, na sasa mikono yote miwili ilikuwa upande wa mlango.

"Mfalme amekutazama," alisema akiwa bado amegeuka. "Huyu wa pili wewe unamfuata nyuma. Mkono ni ule ule."

Nilitazama skrini, nikaona. Nilijisikia mjinga kwa niaba ya familia nzima. Jumamosi zote zile, fimbo ya ubaoni, matundu ya mkanda, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtu anayekutazama mkono wake wa kulia uko kushoto kwako.

"Baba yako wewe ulimwona darasani na mezani," Mtani aliendelea, akigeuka. "Amekugeukia. Mimi nilikuwa natembea naye, ubavuni. Upande wa mkono ule."

Kaka alikataa kwa kichwa. Akapaza sauti kuelekea jikoni. "Mama! Baba alikuwa anakunja mkono upi wa koti?"

Mama akaja akijifuta mikono, akasimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja.

"Wa kulia," alisema. "Niliuunguza kwa pasi. Koti jipya, hajalivaa hata mara moja, na mimi nikaacha pasi ya mkaa juu yake nikaenda kumtazama mtoto aliyekuwa analia. Kumbe alama yote ya pasi imebaki pale mkononi. Asubuhi akaliona. Akaukunja mkono, akasema huko Songea ndiyo mtindo." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Hakuukunjua tena mpaka alipokufa. Hata tukiwa wawili tu. Mimi nilijua na yeye alijua, na hakuwahi kusema."

Mtani alikuwa anatazama sakafu. "Aliniambia nisimwambie mtu," alisema. "Ndiyo maana siku ile nilikaza mkunjo kwa pini. Nilisema nikimwigiza, usije ukafunguka mbele za watu."

Hapo ndipo kaka alipolia. Si kilio cha kishujaa. Alilia kama mtoto wa darasa la kwanza, kamasi zinamtoka, na mashine imeachwa ikiwaka, mfalme amesimama kwenye ngazi anatutazama. Mama alimfuata mkekani. Mimi nilimfuata mama.

Alipomaliza alijifuta kwa shati, akamwomba Mtani kitu ambacho sikukitarajia. Alimwomba akalete koti.

Mtani alilileta. Akalivaa, akaukunja mkono, akatembea kutoka mlango wa jikoni hadi barabarani, hatua fupi za haraka. Safari hii hakuna aliyecheka. Kaka alimfuata nyuma, kisha akaharakisha, akaenda ubavuni, upande wa kulia.

"Akiwa amechoka?"

Mtani akalegeza mabega, akaburuta mguu kidogo. Kweli alikuwa anaburuta. Nilikuwa nimesahau.

"Akiwa amepata mshahara?"

Mtani akatembea kama jogoo.

"Akiwa amenikasirikia mimi?"

Mtani akafikiri. Akatembea kwa kasi, kichwa chini, akinung'unika, lakini alipofika kwenye kona ya ukuta wa shule akapunguza mwendo, akasimama, akageuka kutazama nyumba. "Zilikuwa zinaishia hapa," alisema. "Hasira zake juu yako. Hazikuwahi kufika njia panda."

Tangu siku ile kaka aliacha kumpiga panga yule mtu wa nguo za mfalme. Alidai huyo si muuaji, ni mtani wa mfalme, kwa sababu muuaji angezipunguza nguo zimkae, na mwigaji huziacha zipwaye. Kila alipomfikia aliweka silaha chini na kumsogelea kwa adabu, na yule mtu akamkata kichwa. Tulikufa mara nyingi kwa ajili ya desturi. Miaka mingi baadaye, nikiwa nafanya kazi Ruangwa mjini, kijana mmoja wa kompyuta alinisomea habari za ule mchezo kwenye mtandao. Yule jamaa ndiye aliyemuua mfalme, tena kwa sumu. Nilimpigia kaka simu kumwambia kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Alicheka sana, akasema Wajapani hawana watani, tuwasamehe.

Lakini wakati ule hakuna aliyejua kaka ameamua nini. Hakusema. Alikuwa anamwamkia Mtani, alikuwa anakwenda naye hadi njia panda, lakini begi lake lilikuwa limefungwa na liko nyuma ya mlango, na mama aliendelea kumpakulia minofu. Mimi sikuthubutu kuuliza. Nilihofu kwamba nikiuliza nitajibiwa.

Barabara ilikauka. Baba mdogo akafika mchana wa jua kali, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, amebadilisha magari sijui mangapi kupitia Masasi. Macho yalikuwa ya baba. Sauti haikuwa ya baba hata kidogo. Alikwenda kaburini na mama kwanza. Aliporudi alikaa kwenye kiti, akanywa maji, akamwambia kaka wataondoka kesho yake asubuhi. Mtani alikuwa amekaa karibu na mlango, kimya, kwa sababu mbele ya ndugu wa marehemu mtani naye ana mipaka yake.

Kaka alisimama. Aliweka mikono nyuma kama anayehojiwa na mwalimu.

"Baba mdogo, naomba unisamehe. Mimi siji."

Mama aliinua kichwa.

"Ulinipigia mwenyewe," baba mdogo alisema. "Nimetoka Songea."

"Najua. Nilikosea. Huko Songea mnamjua kijana wenu aliyeondoka. Aliyekuwa baba yetu anajulikana huku. Mimi nimekaa naye nyumba moja maisha yangu yote, na nilikuwa sijui hata mkono gani aliukunja. Nikiondoka, nani ataniambia yaliyobaki?"

Nilidhani baba mdogo atagomba. Alikuwa na haki. Nilisubiri aseme kwamba damu ni nzito kuliko maji, kwamba ukoo si kitu cha kuchezea. Badala yake alivua kofia, akaizungusha mapajani. Alisema kaka yake alipoondoka kuja huku yeye alikuwa bado mwanafunzi. Alisema likizo za kaka yake zilikuwa fupi na barabara ilikuwa mbaya, na kila mara waliambiana mwaka kesho. Kisha akamgeukia Mtani.

"Wanasema wewe unajua anavyotembea."

"Najua kidogo," Mtani alisema.

"Na mimi nionyeshe."

Mtani akaenda kulichukua koti. Mama aliingia jikoni, nikasikia anaongeza unga. Baba mdogo alivuta kiti chake hadi mlangoni, akakielekeza uwanjani, akakaa wima kama mtu anayesubiri sherehe ianze. Mtani aliporudi akikunja mkono wa kulia, kaka alimshika baba mdogo kiwiko akamwinua.

"Usikae," alimwambia. "Ukikaa utamwona kwa mbele tu. Twende naye."

Wakatoka watatu, Mtani katikati.